Mchambuzi au Mchanganuzi?

Omena wakishaanikwa ufukweni Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, akina mama huinama kuwachambua. Samaki aina ya fulu aliyenaswa pamoja nao huwekwa kando, changarawe na vijiti hutupwa, wanaobaki ni omena wa kupeleka sokoni. Jioni, kwenye ukumbi wa video, kitenzi hichohicho hurudi kikiwa kimevaa suti: mtangazaji anamkaribisha mchezaji mstaafu na kumwita mchambuzi wa soka.

Neno ni kongwe kuliko runinga. Kuchambua pamba ni kuitenga na mbegu zake, jambo ambalo wazee wa ukanda huu wa ziwa, waliolima pamba kama zao la biashara, hawana haja ya kuelezwa. Kuchambua mboga ni kutenga majani laini na mashina magumu. Kutoka hapo tunapata mchambuzi, kama nunua ilivyozaa mnunuzi, na okoa ikazaa mwokozi. Ile z ni alama ya l ya kale ambayo vitenzi hivyo vimeipoteza mwishoni.

Hapa Kenya, hata hivyo, redioni na magazetini utakutana zaidi na mchanganuzi. Nalo ni neno halali kabisa. Changanya ni kuweka pamoja, changanua ni kutenganisha vilivyochanganyika. Wasomi hulipenda, na kwa takwimu au hesabu za bajeti linafaa sana. Watu wa Karungu, walio karibu na mpaka wa Tanzania, huyasikia yote mawili, na wengi huyatumia bila kuyatofautisha.

Mimi nayatofautisha. Anayechanganua anaweza kuishia kwenye mafungu: pasi ngapi, kona ngapi, nani alimiliki mpira. Anayechambua hana ruhusa ya kuishia hapo. Mama wa omena akitenga tu bila kuamua kipi kinabaki na kipi kinatupwa, hajamaliza kazi. Uamuzi umo ndani ya kitenzi chenyewe, na uamuzi huo ndio tunaoutaka kwa mtu aliyewahi kuvaa jezi.

Mfikirie Amri Kiemba, kiungo wa zamani wa Simba ya Tanzania. Juni 2013, jijini Dar es Salaam, aliifungia Taifa Stars bao la mapema dhidi ya Ivory Coast ya Yaya Touré, katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Mechi iliisha 4-2, Ivory Coast wakishinda. Leo Kiemba ni mchambuzi. Timu inapotangulia kisha ikazidiwa, yeye anaijua hali hiyo kwa miguu yake: ni wapi pumzi ilikatika, ni nani aliacha kurudi nyuma. Mtazamaji wa Sori ameliona bao. Anachokosa ni kuonyeshwa kosa lililotokea pasi tatu kabla yake, ng'ambo ya pili ya uwanja.

Ally Mayay naye, nahodha wa zamani wa Yanga, alijulikana kwa kizazi kipya kwa uchambuzi kuliko kwa soka aliyocheza. Mwaka 2017 aligombea urais wa shirikisho la soka la Tanzania, akashindwa. Ni safari inayoonyesha uzito ambao kiti cha uchambuzi kimepata nchini humo, na sidhani ni bahati kwamba kimekua kwa Kiswahili, mbele ya watu wanaoelewa kila neno.

Kuna wastaafu wanaokaa kitini na kusimulia tu enzi zao, au kuturudishia kwa maneno kile ambacho kamera imekwisha kutuonyesha. Hao tuwaite wasimulizi, ni kazi ya heshima. Lakini kwa yule anayetenga, akapima, akatamka kilichoamua mechi, naziomba runinga za Kenya zimpe jina lake chini ya picha, kwa Kiswahili: mchambuzi.