Sotoka na Nchi Iliyodhaniwa Tupu

Sotoka ni maradhi ya ng'ombe. Binadamu haambukizwi nayo, ijapokuwa kijidudu chake ni ndugu wa kijidudu cha surua. Ng'ombe aliyepatwa hushikwa na homa kali, macho humtoka machozi na pua makamasi, kinywa hujaa vidonda, kisha huhara mpaka nguvu zikamwishia; na aghalabu hufa kabla ya majuma mawili kutimia. Kwa sura hiyo sotoka ni jambo la zizini, la kumhusu mchungaji na mganga wa mifugo. Walakini sotoka iliyopita Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 ilitoka zizini ikaingia katika ndoa, katika vita, katika mikataba ya serikali, na hata katika sura ya mbuga na vichaka.

Kwa kauli iliyoenea miongoni mwa wanahistoria, maradhi hayo yaliingia kwa mlango wa Massawa, pwani ya Bahari ya Sham, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Uhabeshi ikaangukiwa na njaa kuu ya miaka 1888 mpaka 1892. Kufika mwaka 1891 sotoka ilikuwa imekwisha enea nchi ya Wamasai. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Na mwaka 1897 ilikuwa katika Koloni la Rasi. Hivyo katika muda wa miaka kumi ilitembea toka Pembe ya Afrika mpaka Rasi ya Tumaini Jema, ikifuata njia za watu wenyewe: njia za misafara, za majeshi, na za mifugo iliyouzwa au kutekwa.

Ng'ombe wa nchi hizi hawakuwa na kinga. Mahali pengi walikufa tisa katika kila kumi. Wanyama wa porini hawakusalimika: nyati, pofu, tandala, twiga, nyumbu na ngiri wote walishikwa. Lugard, alipopita bara ya Kenya mwaka 1890 akielekea Uganda, alikuta mizoga ya nyati imetapakaa njiani.

Ili kuupima msiba huo, hapana budi kwanza kujua ng'ombe alikuwa nani kwa mfugaji. Alikuwa maziwa ya mtoto na mahari ya kijana. Alikuwa fidia iliyomaliza ugomvi, na heshima ya mzee barazani. Tena alikuwa akiba. Mfugaji mwenye busara hakuwaweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wengine aliwaweka kwa marafiki na wakwe wa mbali, naye akawalea wa kwao. Mvua ikikosekana upande mmoja, au maadui wakiteka upande mwingine, mwenye kupotewa alijua mahali pa kwenda kuanza upya. Desturi hiyo ilikuwa imara, nayo iliokoa watu kwa vizazi vingi. Lakini ilijengwa juu ya tumaini moja, kwamba msiba hauwezi kufika kila mahali kwa wakati mmoja. Sotoka ilifika kila mahali. Aliyekwenda kwa rafiki kudai ng'ombe wake alimkuta rafiki naye yu njiani, anakuja kudai wa kwake.

Baada ya ng'ombe kufa, watu walianza kufa. Njaa ilifuatwa na ndui, na ndui ikawakuta watu waliokwisha dhoofika. Wamasai wanazikumbuka siku hizo kwa jina la Emutai, yaani maangamizi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliobaki mifupa mitupu, na wazazi waliokuwa tayari kutoa watoto wao ili wapate chakula. Yeye alikadiria kwamba thuluthi mbili za Wamasai walikuwa wamekwisha angamia. Hesabu hiyo ni ya mpita njia, wala hapakuwa na sensa ya kuithibitisha. Lakini yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo alilolishuhudia.

Hapo mizani ya jamii iligeuka. Mwindaji wa porini, aliyedharauliwa zamani kwa kukosa ng'ombe, sasa alikuwa na asali na nyama, na waliomdharau wakaenda kukaa kwake. Mkulima wa Kikuyu, aliyekuwa akiogopa mikuki ya Wamasai, aliwapokea wake na watoto wao, wengine kwa wema na wengine kwa rehani ya chakula. Wengi wa waliopokelewa hivyo hawakurudi tena. Walizaa, wakawa wenyeji. Lakini si kila mlango uliofunguliwa. Wamasai waliobakiwa na nguvu walikwenda kuteka ng'ombe wa wenzao ili wajaze mazizi, na Lenana na Sendeyo, wana wa laiboni Mbatiany, waligombea kiti cha baba yao mpaka Wamasai wakagawanyika pande mbili na kupigana. Dhiki haikuleta tabia mpya. Ilikuza ile iliyokuwamo, ukarimu kwa upande mmoja na uadui kwa upande mwingine.

Serikali nazo zilipimwa. Kusini, mahali ambapo walowezi wa Kizungu walikuwa na mifugo mingi, serikali zilijenga ua wa waya, zikaweka askari wa kulinda, na zikamwita Robert Koch, bingwa wa vijidudu, ambaye alifika Kimberley mwishoni mwa mwaka 1896 akatafuta kinga kwa kutumia nyongo ya ng'ombe waliokufa. Amri ya kuwapiga risasi ng'ombe waliopotea njia ilitekelezwa kwa ukali, hata upande wa Bechuanaland ikawa miongoni mwa sababu za uasi wa Langeberg. Ua haukuzuia kitu, sotoka ilipita. Mashariki, mahali ambapo ng'ombe walikuwa wa Waafrika na dola za Kizungu ndiyo kwanza zinaingia, hapakuwa na ua wala bingwa. Waingereza na Wadachi waliwakuta watu ambao jana waliogopwa na misafara yote, na leo hawana nguvu za kupigana. Lenana mwenyewe alitafuta hifadhi kwa Waingereza.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja mwenyeji akiwa mgonjwa, naye akautumia ugonjwa huo kuwa hoja. Alitazama Bonde la Ufa lililojaa majani lisilo na mifugo, akasema nchi haina mtu. Sir Charles Eliot, aliyetawala Himaya ya Afrika ya Mashariki toka mwaka 1901 mpaka 1904, alishikilia kwamba Wamasai hawakuwa na haki ya kuzuia malisho mapana wasiyoyatumia. Hakuzingatia kwamba malisho yalikosa ng'ombe kwa sababu ng'ombe walikufa, na kwamba mifugo iliyobaki ilikuwa ikizaana. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai walitolewa katika Bonde la Ufa wakapewa sehemu mbili, Laikipia na kusini ya reli, kwa ahadi kwamba zitakuwa zao maadamu kabila lao lingali hai. Haikupita hata miaka saba. Mwaka 1911, Lenana akiwa amekwisha fariki mwezi Machi, mkataba wa pili uliwatoa Laikipia nako. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakajibiwa kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya dola na dola, basi mahakama haikuwa na uwezo wa kuuhukumu. Walipotaka kubaki katika nchi yao walitendewa kama raia wasio na amri. Walipotaka haki wakaambiwa ni dola ya kigeni.

Wakati huo nchi yenyewe haikukaa ikingoja. Zamani ng'ombe walikula majani na wafugaji wakachoma nyika kwa majira, na kwa njia hiyo vichaka vilizuiliwa. Wachungaji walipotoweka, miti ya miiba ilistawi. Wanyama wa porini walirudi upesi kuliko watu, na pamoja nao akarudi mbung'o, mwenye kuleta nagana kwa mifugo na malale kwa wanadamu. Sehemu zilizokuwa malisho, kama Mara, katika muda wa miaka 40 hivi ziligeuka vichaka visivyokalika. Huko Shinyanga, tangu miaka ya 1920, watu walikusanywa kufyeka misitu kwa shoka ili kumfukuza mbung'o. Wataalamu walichukua muda mrefu kukiri, kama walivyofanya John Ford mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977, kwamba wenyeji walikuwa wamemzuia mbung'o kwa kuishi kwao tu, kabla ya msiba kuvunja maisha hayo.

Hata hivyo picha ya pori lisilo na watu ilikuwa imekwisha ingia katika sheria. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai walihamishwa humo wakapelekwa Ngorongoro, ili mazingira ya asili yasiharibiwe. Lakini asili iliyokusudiwa ilikuwa imeumbwa kwa sehemu kubwa na sotoka. Ushahidi ulikuja baadaye. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa, sotoka ilitoweka hata kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachanja. Idadi yao, iliyokuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961, ilipita 1,000,000 mwaka 1977. Majani yakaliwa, moto ukapungua, miti ikapata nafasi ya kukua. Afya ya mnyama wa porini ilikuwa imefungwa katika zizi la mfugaji, yule yule aliyetolewa kwa jina la kumlinda mnyama huyo.

Chanjo iliyofaa zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, nchini Kenya. Lakini haikutosha kuwa na dawa. Katika nchi za vita na za mbali, mahali ambapo mganga wa serikali hakufika, kazi ilikamilika pale wafugaji wenyewe walipofundishwa kuchanja, na habari zao za mifugo zikasikilizwa kama elimu. Mgonjwa wa mwisho kujulikana alikuwa nyati wa Meru, nchini Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni maradhi ya pili kufutwa na mwanadamu, baada ya ndui.

Sotoka imekufa, lakini mipaka iliyochorwa juu ya makaburi yake ingali hai. Kwa hiyo historia yake haijawa habari ya kale tu. Kila inapotajwa nchi isiyo na watu, ni wajibu wa msikilizaji kuuliza kwanza watu wake walikwenda wapi, na nini kiliwaondoa.