Kabla ya kumkata dereva mshahara, pima geji ya mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya za mafuta, ugomvi mmoja hufufuka baina ya matajiri wa malori na madereva wao. Lori limejazwa tangi Thika, limepita Embu na Chuka likielekea Meru kupakia ndizi na viazi vya soko la Kongowea. Likifika Nkubu mshale wa geji uko karibu na E. Tajiri yuko Mombasa, anapiga simu: "Dizeli yangu umeiuza wapi?" Dereva anaapa. Mwisho wa mwezi mshahara unakatwa.

Wanyonyaji wa dizeli wapo, nami siwatetei. Lakini nilisomea ufundi wa magari kabla ya kushika kalamu, na najua kwamba kwenye Canter na Isuzu kuukuu zinazopanda njia ile, geji ni shahidi ambaye hata kadhi angemchunguza kwanza.

Ndani ya tangi mna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Boya limeshikwa na mkono wa chuma, na mafuta yakipanda au kushuka mkono nao huenda nayo. Kwenye mzizi wa mkono kuna kidole kidogo cha chuma kinachoteleza juu ya waya mwembamba wenye ukinzani wa umeme. Ukinzani huo ndio unaouambia mshale wa kule mbele usimame wapi. Umeme hutoka kwenye geji, hupita kwenye waya huo, kisha humalizikia kwenye chasisi, yaani ethi.

Kwenye malori mengi ya Kijapani ukinzani mdogo maana yake ni tangi limejaa, na ukinzani mkubwa maana yake ni tangi tupu. Shika hapo, kwa sababu ndipo kesi nyingi za wizi zinapozaliwa. Kutu ikiingia kwenye plagi ya waya, au ethi ya tangi ikilegea, ukinzani huongezeka na geji huonyesha mafuta machache kuliko yaliyomo. Waya ukikatika kabisa, mshale hulala E. Boya likitoboka na kunywa dizeli, huzama, na mshale hulala E vilevile hata kama tangi limefurika. Kasoro zote hizo humshtaki dereva.

Kasoro ya upande wa pili haimshtaki mtu, ila inaweza kuua. Waya uliochunika ukagusa chasisi huufanya mshale ukwame F. Mkono uliopinda ukanasa juu hufanya hivyo hivyo. Dereva anaondoka na moyo mkunjufu, na mafuta yanamwishia njiani. Barabara ya Embu kwenda Meru inakata mabonde ya mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya: Thuchi, Nithi, Mutonga. Ni mteremko, kona, daraja, kisha mlima. Injini ikizima pale usukani huwa mzito, na breki zinazosaidiwa na upepo au vakyumu hupoteza nguvu baada ya kukanyagwa mara chache. Daraja la Nithi sisi watu wa pwani tunalijua: Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki, Mungu awarehemu. Sisemi chanzo kilikuwa mafuta. Nasema si mahali pa kuzimikiwa na injini.

Basi tuchunguze. Kwanza simamisha lori mahali tambarare, maana kwenye mwinuko mafuta hukimbilia upande mmoja na hata geji nzima hudanganya. Tazama na geji ya joto. Ikiwa zote mbili zimelala au zinayumba pamoja, usifungue tangi. Kagua fyuzi na umeme unaoingia kwenye dashibodi.

Ikiwa ni ya mafuta peke yake, tafuta plagi ya waya juu ya tangi na uichomoe, swichi ikiwa imewashwa. Kwenye magari niliyoyataja mshale ushuke E. Kisha gusisha waya wa geji kwenye chuma cha chasisi, sekunde chache tu, na mshale upande kuelekea F. Yako aina ambayo hufanya kinyume, wala hilo lisikusumbue. Unachotaka kuona ni mshale ukitembea. Geji za zamani ni nzito, zipe muda. Mshale ukitembea vizuri, geji na waya ni vizima, na ubaya uko tangini. Usipotembea, fuata waya hadi mbele. Na kamwe usipeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye kifaa cha tangini, utakiunguza.

Kabla ya kumlaumu huyo wa tangini, rudisha plagi, halafu chukua kipande cha waya, ukiunge kutoka kifuniko chake hadi chasisi. Mshale ukifufuka, ugonjwa ni ethi. Kwangua kutu na rangi, funga waya mpya, kazi imekwisha. Nimeona watu wakinunua kifaa kizima kwa ugonjwa huu, na fundi akanyamaza akapokea pesa.

Isipokuwa ethi, zima swichi, tenga betri, weka sigara mbali, ukifungue. Litikise boya sikioni: likilia maji ndani, limetoboka. La shaba usilichome kwa moto na dizeli ikiwa ndani. Kisha weka mita ya umeme kwenye omu na upandishe mkono polepole. Namba zibadilike taratibu. Zikiruka au kupotea mahali fulani, waya wa ukinzani umelika, na ndiyo sababu mshale huanguka ghafla kila tangi likifika nusu.

Ukienda kununua kingine, nenda na cha zamani mkononi ulinganishe urefu wa mkono, matundu ya skrubu na omu zake. Malori mengi yamebadilishwa matangi, na mkono wa tangi jingine haufiki chini. Gasketi iwe mpya, la sivyo dizeli itamwagika kwenye kona za Chogoria na utarudi kwenye kesi ya wizi.

Kwa tajiri na dereva wanaotaka kumaliza ugomvi leo: jazeni tangi mpaka shingoni, mwende safari, mjaze tena mpaka shingoni. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika, geji iseme itakavyo. Na tangi likiwa tupu, mimineni lita 10 kumi mkichora alama kwenye ufito kila mara. Ufito huo ukae nyuma ya kiti.