Diski ya Pili Iliyogoma

Mhariri alipotutaka sisi tuliofanya kazi na kompyuta tuandike habari za chombo hiki, nilikumbuka usiku mmoja wa mwaka 1999, Dar es Salaam, nilipokuwa mtunza mitambo wa ofisi ambayo sitaitaja. Mishahara ilikuwa ilipwe kesho yake, na hesabu zote zilikuwa katika mashine ya Linux, mfumo wa ukoo wa Unix. Diski ya kwanza ikafa. Sikuwa na hofu, kwani kila jioni nilinakili mafaili yote kwenye diski ya pili. Nikaiondoa iliyokufa, nikawasha. Mashine ikagoma.

Kumbe jambo lenyewe ni la zamani. Unix ilianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika makala yao ya mwaka 1974 walieleza kwamba mzizi wa mfumo ulikaa kwenye diski ndogo ya baiti milioni 1, na mafaili ya watumiaji kwenye diski kubwa ya baiti milioni 40. Programu ya kuanzisha mfumo ndiyo iliyoiunganisha ile kubwa. Basi amri ya kuunganisha diski haiwezi kukaa ndani ya diski hiyo hiyo peke yake. Wenzangu wa bweni watamkumbuka kiranja aliyefungia ufunguo wa bweni ndani ya bweni.

Nami nilikuwa kiranja yule. Kunakili mafaili hakukunakili sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 ambazo mashine za wakati ule zilisoma kabla ya yote. Nikawasha kwa flopi. Kiini cha mfumo kikaamka, kikautafuta mzizi mahali kilipozoea, hda1, kikaukosa. Mzizi wangu ulikuwa hdb1, maana majina yale yalifuata mahali diski ilipochomekwa, wala si kilichomo ndani. (Siku hizi Linux nyingi hutambua sehemu ya diski kwa namba yake ya pekee, UUID. Wadogo zetu mmebahatika.)

Nikawasha upya, nikaandika root=/dev/hdb1. Nikasahihisha na faili la fstab, lililong'ang'ania jina la zamani, kisha nikaiendesha LILO iandike ile sekta. Saa kumi na moja alfajiri mashine iliwaka bila flopi. Mhasibu alifika saa mbili, akaniuliza kwa nini nimewahi hivyo.