Kabati la Vyombo

Wasichana wanaokuja kwenye karakana yangu hapa Kona ya Musa hunionyesha kwenye simu picha za vyumba vya Ulaya na Marekani: ukuta umejaa sahani, rafu zimesheheni vikombe, maua na vinyago hadi pa kupitisha mkono hapana. "Fundi, nataka kama hii." Naipokea kazi hiyo kwa moyo mkunjufu, maana mwambao wetu umeijua kwa karne nyingi.

Tazama nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18. Ukuta wa chumba cha ndani una zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Nyingine zilitundikwa: kwenye kitako walitoboa matundu, wakapitisha uzi. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, aliandika kwamba vyombo hivyo viliaminiwa pia kuikinga nyumba na jicho baya. Huko Mambrui, kaburi la mnara lilipambwa kwa bakuli za Kichina. Na James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, aliziita nyumba kadhaa kwa vitu vilivyookotwa ndani: ya Bakuli la Kauri, ya Mkasi, ya Taa ya Chuma.

Karne ya 19, viwanda vya Ulaya, kikiwemo cha Petrus Regout mjini Maastricht, vilituma Afrika Mashariki bakuli zenye maua ya rangi kali. Kauri ya kupamba haikuwa tena ya matajiri peke yao.

Nyumba ya bibi yangu Msambweni ilikuwa ya udongo na makuti, lakini ukumbini palikuwa na kabati la mvule lenye vioo. Birika la buluu alitunzwa na wifi yake siku ya harusi. Vikombe babu alivileta kutoka Mombasa, enzi zake za ukuli bandarini. Sinia ilitoka kwa somo yake wa Vanga. Ukigusa chombo, anakutajia aliyekitoa, kisha anamwombea dua.

Hapo ndipo ninapowasihi wateja wangu. Vitu vingi vinapendeza vinapokuwa na watu nyuma yake. Chumba kilichojazwa kwa siku moja kwa vitu vya dukani kinavutia machoni, lakini mgeni hana la kuuliza wala mwenyeji hana la kusimulia.

Kwa hiyo nikitengeneza kabati, kila rafu naichongea mfereji mwembamba karibu na ukingo wa nyuma, sahani isimame bila kuteleza. Rafu ya juu namwomba mteja asinunue kitu cha kuijaza. Harusi zinakuja, watoto watazaliwa, jamaa watarudi safari, nao watakuja na vyao.