Inchi Iliyolala Chini ya Bahari

Mwaka 1931, mashua ya wavuvi kwa jina Colinda ilivuta wavu katika Bahari ya Kaskazini, mbali na pwani ya Uingereza. Wavu ukaleta bonge la udongo mweusi, ule wa majani na miti iliyooza. Mkubwa wa mashua akalipasua, ndani akakuta ncha ya chusa, imechongwa katika pembe ya kulungu. Baadaye wataalamu wakasema ina zaidi ya miaka 13.000. Sisi wa Kivu chombo kama kile hakitushangazi: kule Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edouard, Jean de Heinzelin alichimbua machusa ya mifupa mwaka 1950.

Kumbe pale wavuvi walipopita palikuwa inchi kavu. Wakati wa baridi kubwa maji mengi yaligeuka barafu, na bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Barafu ilipoyeyuka, watu wakahama pole pole. Mnamo miaka 8.150 iliyopita wimbi kubwa lilitoka upande wa Norvege, likapiga visiwa vilivyobaki. Mwaka 1998 Bryony Coles aliipa inchi ile jina la Doggerland.

Lakini utachimba namna gani chini ya bahari? Njo hapa petroli iliingia. Meli za watafuta petroli hupiga mlio mkubwa majini. Mlio unaingia mpaka ndani ya udongo, unarudi, nao wanaupima. Wao walitaka mafuta ya chini kabisa. Tabaka za juu hazikuwa na faida kwao. Vincent Gaffney na wenzake wa chuo kikuu cha Birmingham waliomba zile hesabu kwa kampuni ya PGS, wakazisoma upya. Kufikia 2007 walikuwa wamechora karibu kilometa za mraba 23.000: mito, maziwa, vilima, pwani za zamani.

Tuseme kweli, mlio hauonyeshi mtu wala jiko lake. Unaonyesha tu mahali mtu angependa kukaa. Mwaka 2019 wataalamu wa Bradford pamoja na Wabelgiji walifuata ile ramani, wakatoa chini kipande cha jiwe la kugongea.

Ziwa letu Edouard nalo lilipimwa kwa mlio mwaka 2014, juu ya petroli, na watu wengi walilikataa jambo lile. Maji ya ziwa lile yalipanda na kushuka mara nyingi tangu wakati wa wale wavuvi wa Ishango. Basi tuko tunajiuliza: zile hesabu, mwanafunzi wa historia wa Goma ao wa Butembo akiziomba, atapewa na nani?