Bustani ya Kiangazi Bendera: Kulima na Kuhifadhi Mboga kwa Ajili ya Familia

Kata ya Bendera ipo katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Pare Kusini. Barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio hupita hapo kuelekea Mkomazi. Mvua za vuli huanza Oktoba hadi Desemba na za masika Machi hadi Mei. Kati ya misimu hiyo kuna jua kali la Januari na Februari, kisha ukame mrefu wa kuanzia Juni hadi vuli irudipo.

Hali hiyo huiletea kaya tatizo linalojirudia kila mwaka. Mvua zikiisha vizuri, mchicha, kunde, bamia na nyanya huiva kwa pamoja, bei hushuka na mboga huozea shambani. Miezi michache baadaye, familia ileile hununua fungu dogo la mboga kwa bei kubwa, au hula ugali kwa kitoweo kisicho na majani kabisa. Wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo na kina mama wajawazito, ambao miili yao inahitaji vitamini na madini kila siku.

Wapare wanayo hekima ya siku nyingi kuhusu kuhifadhi. Milimani, maji ya vijito hukusanywa usiku katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha hufunguliwa mchana kwa zamu ili kumwagilia mashamba. Mabwawa na mifereji hiyo hutunzwa kwa kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Kinachofanyika kwa maji kinaweza kufanyika kwa mboga: kilichopatikana kwa wingi leo kiwekwe kwa ajili ya siku ya uhaba.

Kuandaa bustani

Bustani ya kiangazi haihitaji eneo kubwa. Jambo la kwanza ni kutunza unyevu. Mahali pakavu, matuta yaliyozama chini kidogo ya usawa wa ardhi hufaa kuliko yaliyoinuliwa, kwa kuwa maji hubaki kwenye mizizi. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, na baada ya kupanda ufunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga. Umwagiliaji ufanyike asubuhi na mapema au jioni, na miche michanga ijengewe kichanja cha kuipatia kivuli.

Kunde hustahimili ukame na hutoa majani kabla ya kutoa mbegu. Mchicha huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa, na bamia na nyanya chungu huvumilia joto. Penye uhaba wa nafasi, gunia lililojazwa udongo na samadi hutosha kwa mboga za majani. Kupanda kidogokidogo, kila baada ya wiki mbili, huzuia mavuno yote kuja kwa wakati mmoja.

Kukausha mboga

Kukausha ni njia rahisi zaidi ya kuhifadhi, na si ngeni nchini. Wasukuma hukausha viazi vitamu kuwa michembe na matobolwa, na mkoani Dodoma mlenda mkavu ni chakula cha kawaida. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa nyanya na wa mchicha ni maji, kilo 10 zikikauka hubaki takriban kilo moja au pungufu, mzigo unaoenea katika chombo kimoja.

Majani yachaguliwe mabichi yasiyo na madoa, yaoshwe kwa maji safi, kisha yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi tatu au yafukizwe kwa mvuke. Hatua hiyo huzuia majani kupoteza rangi na ladha. Baada ya kuchuja maji, yatandazwe kwa tabaka jembamba juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa kwa chandarua. Yawekwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua la moja kwa moja huharibu vitamini A. Karoti na nyanya chungu zikatwe vipande vyembamba vinavyolingana ili vikauke kwa pamoja.

Majani yaliyokauka husagika yakibanwa mkononi. Yakiwa bado yanajikunja bila kuvunjika, yarudishwe kwenye wavu. Yapozwe, yawekwe katika vyombo vikavu vyenye mfuniko mzuri, na kila chombo kiandikwe tarehe. Mboga iliyoota ukungu itupwe yote, kwani kuondoa sehemu inayoonekana hakuondoi sumu.

Nyanya za chupa

Nyanya zinaweza kuhifadhiwa kwenye chupa za kioo kwa sababu zina uchachu, ambao huongezwa kwa vijiko viwili vya chakula vya siki ya asilimia 5 kwa kila nusu lita. Rojo lililochemshwa humiminwa likiwa moto, kisha chupa zilizofungwa huchemshwa zikiwa zimefunikwa na maji kwa dakika zisizopungua 40. Wakazi wa milimani waongeze muda, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Mchicha, bamia, maharage mabichi na mboga nyingine zisizo na uchachu zisifungwe kwenye chupa kwa njia hii. Bakteria wanaosababisha botulizimu wanaweza kubaki hai ndani yake na kutoa sumu inayoua, bila harufu wala rangi ya kuonya. Mboga hizo zikaushwe.

Mezani

Mboga kavu hulowekwa nusu saa na kupikwa kwa maji hayohayo. Kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa au tui la nazi huusaidia mwili kupokea vitamini A. Zinaweza pia kutiwa kwenye makande, chakula ambacho Wapare wanasifika nacho. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka hayachukui nafasi ya mboga za kila siku.

Kazi hii ni ya kaya nzima: wengine huchota maji, wengine huchambua majani, na watoto hugeuza mboga kwenye wavu na kuandika tarehe. Ushauri wa kilimo hupatikana kwa Afisa Ugani wa kata, na wa lishe kwa Afisa Lishe wa Halmashauri. Kaya inayotaka kuuza inaweza kupata mafunzo ya usindikaji kutoka Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973. Hata hivyo, hesabu ya kwanza iwe ya nyumbani: mboga kiasi gani zitahitajika hadi vuli, ndipo ziada ipelekwe sokoni.