Kenya: Wazee, Vijana na Namba ya Siri



Wako watu wanaodai kwamba kompyuta ni mambo ya vijana, na kwamba mzee hawezi tena kujifunza jambo jipya. Historia ya karibuni ya jirani zetu wa Kenya inayakanusha madai hayo.

Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilianza majaribio ya kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu ya mkononi, hesabu zao zikiwekwa katika kompyuta. Majaribio yalipoendelea, ilionekana kwamba wakopaji walikuwa wakipelekeana fedha wao kwa wao. Mpango ukageuzwa ufuate matumizi hayo, na Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa umma, kwa wito wa kutuma pesa nyumbani.

Wito huo ndio ulioviunganisha vizazi. Kijana mfanyakazi wa Nairobi alikuwa amezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya fedha, asijue kama itafika. Mzee wake kijijini hakuwa na hamu ya mitambo. Alikuwa na haja ya karo, mbegu na dawa. Kwa ajili ya haja hiyo alijifunza, akielekezwa na mjukuu au wakala wa dukani. Kabla mwaka haujatimia, wateja walikuwa wamepita milioni 1. Na mapema mwaka 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi yalipofunga barabara na mabenki, wengi walipata msaada kwa njia hiyo.

Hata hivyo, wako wazee walioishika simu bila kuishika namba ya siri. Waliikabidhi kwa mjukuu, kwa jirani, au kwa mwizi aliyepiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni. Na akiba ikatoweka.

Ndugu askari, jambo hili latuhusu. Huduma hiyo ilifika Tanzania mwaka 2008. Wazee wetu wengi ni wa kizazi kilichoshuhudia Serikali ikipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974. Wakiuliza leo, si ajabu. Kuuliza si ujinga.

Askari wa lindo anajua kwamba neno la siri likishatoka nje, lindo limevunjika hata kama adui hajaonekana. Elimu hiyo na aipeleke nyumbani aendapo likizo. Amwache mzazi abonyeze mwenyewe, akosee, arudie mpaka ajue. Asimpokonye simu ili kuokoa dakika mbili. Naye polisi aliye kituoni asimcheke mzee anayekuja kueleza jinsi alivyoibiwa. Mzee akichekwa leo, kesho atanyamaza, na ukimya wake ndio maficho ya mwizi.

Wazee wa Kenya wamethibitisha kwamba umri haumzuii mtu kujifunza. Kinachomzuia ni kufanyiwa kila kitu na kuona haya ya kuuliza. Kuyaondoa hayo mawili ni wajibu wetu sisi vijana wao.